Pistons wamefufuka, lakini mcheza kwao hakutunzwa

Ikiwa wewe ni mpenzi wa mpira wa vikapu, bila shaka wakumbuka jinsi Detroit Pistons walivyochekwa katika msimu wa 2023-24. Timu hiyo ya Marekani ilishindwa mechi 28 mfululizo, ikamaliza ligi ya NBA na ushindi mara 14 pekee katika mechi 82. Hata sisi mashabiki wake tulizificha fulana zetu kabatini.

Msimu wa 2024-25 mambo yakageuka. Pistons walishinda mechi 44, wakapoteza 38 na kushika nafasi ya 6 Kanda ya Mashariki. Hakuna timu nyingine ya NBA iliyokuwa imewahi kuongeza ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja kamili wa mechi 82 hadi mwingine. Je, nguvu hizo zilitoka wapi?

Waliokomaa wawabeba vijana

Wengi watakwambia ni Cade Cunningham. Kweli, kijana huyo wa miaka 23 alifunga wastani wa pointi 26 kwa mechi na kuwatengenezea wenzake vikapu 9. Lakini kumbuka kwamba Cunningham alikuwako hata wakati wa vile vipigo 28. Basi sababu tuitafute kwingine pia.

Wakuu wapya wa timu hawakumwendea nyota wa bei ya kutisha. Walileta wachezaji waliokomaa: Tobias Harris, Tim Hardaway Jr na Malik Beasley, kisha Dennis Schröder mnamo Februari 2025. Zamani wapinzani walimzingira Cunningham bila wasiwasi, kwani hapakuwa na wengi wa kuogopwa kutoka mbali. Beasley peke yake alitia mitupo 319 ya pointi tatu. Wapinzani wakalazimika kutawanyika, na Cunningham akapata nafasi ya kupumua.

Kocha naye alikuwa mpya. J.B. Bickerstaff, aliyefutwa na Cleveland mwaka 2024, alisisitiza ulinzi na nidhamu. Timu ilipopoteza mechi 4 za kwanza, hakuna aliyetupa taulo. Jaden Ivey alipovunjika mguu siku ya Mwaka Mpya, wenzake walikaza kamba.

Pointi 6 tu

Katika mchujo Pistons walikutana na New York Knicks. Ikiwa ulikesha mbele ya televisheni hadi saa nane usiku kuzisubiri mechi hizo, unajua utamu na uchungu wake. Katika mechi ya pili, Pistons waliwanyuka Knicks 100-94 huko huko New York, wakakomesha mkosi wa kushindwa mechi 15 za mchujo tangu 2008.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Safari hii methali iligoma. Pistons walishinda mara mbili ugenini lakini nyumbani wakalazwa mara zote tatu: 118-116, 94-93 na 116-113. Hebu jumlisha tofauti hizo. Ni pointi 6 tu!

Katika ile ya 94-93, Hardaway alichezewa visivyo sekunde za mwisho na filimbi haikulia. Waamuzi wenyewe walikiri baadaye. Shabiki ana haki ya kunung'unika. Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya filimbi. Katika mechi ya sita, Pistons waliongoza kwa pointi 7 zikiwa zimesalia kama dakika mbili na nusu. Wakazubaa, Jalen Brunson akawamaliza kwa mtupo wa pointi tatu, na Knicks wakasonga mbele kwa mechi 4-2.

Kasoro ilikuwa hapo: kufunga mlango dakika za mwisho. Cunningham mwenyewe alipoteza mpira zaidi ya mara 4 kwa mechi msimu huo.

Kama ningekuwa mwalimu, ningewapa B+. Alama ya A ni ya wanaojua kumaliza walichoanza.

Nawe mzazi ambaye mwanao ameshika mkia darasani, tazama jambo moja. Wengi wa vijana waliong'ara ni wale wale waliochekwa mwaka uliotangulia. Kabla ya kumhamisha shule, chunguza kwanza ni nani anayekaa naye wakati wa kusoma.