Rangi ya mashua iliyoharibu maganda ya chaza

Msikilizaji wa pwani anajua kwamba ukiacha mashua majini miezi michache, chini yake hujaa utelezi, majani na viumbe wadogo wenye maganda makali. Chombo kinakuwa kizito na mafuta ya mashine yanaisha haraka. Juhudi za kuzuia viumbe hao ziliwahi kuleta hasara kubwa kwa wafugaji wa chaza huko Ufaransa.

Ganda linajengwaje?

Chaza huvuta chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari. Ngozi laini iliyo ndani ya ganda huipanga chokaa hiyo, tabaka juu ya tabaka. Kinda wa chaza kwanza huogelea, kisha hutafuta mahali pagumu pa kujishika: jiwe, mzizi wa mkoko, hata chuma. Akishajishika, hahami tena. Kwa hiyo maji yanayopita hapo ndiyo yanayoamua atakua vipi.

Kwa nini shaba?

Chuma kitupu hakiwazuii viumbe hawa. Shaba huwazuia, kwa sababu huyeyuka kidogo kidogo na kuwadhuru makinda. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli yake HMS Alarm kwa mabamba ya shaba. Viumbe walipungua, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ndani ya maji ya chumvi ililika haraka. Meli za chuma zilipoenea, shaba ikaanza kutiwa ndani ya rangi badala ya kupigiliwa kama bamba.

Huku kwetu mafundi wa majahazi walitumia deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, kupaka sehemu ya chombo inayokaa majini.

Sumu iliyopita kiasi

Katika miaka ya 1960 ilikuja rangi mpya yenye kemikali iliyotengenezwa kutokana na madini ya bati, iitwayo tributilitini, kwa kifupi TBT. Ilifanya kazi vizuri kuliko shaba, na wenye boti waliipenda.

Kwenye ghuba ya Arcachon, kusini magharibi mwa Ufaransa, boti nyingi za starehe zilikuwa zikiegeshwa karibu na mashamba ya chaza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, mambo yakaharibika. Makinda wengi walikufa kabla ya kujishika. Waliokomaa walijenga maganda mazito yenye vyumba vilivyojaa ute, hata chaza wengine wakawa kama mpira, na nyama ndani ikawa kidogo. Chaza wa namna hiyo hauziki. Wafugaji wengi walipoteza riziki yao.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Kwa aina moja ya konokono wa baharini wa Ulaya, takriban gramu moja ya TBT katika lita bilioni moja za maji inatosha kufanya majike waanze kuota viungo vya kiume. Wakizidiwa, hawawezi tena kutaga.

Marufuku

Mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hizo kwa boti zenye urefu chini ya mita 25. Baada ya miaka michache, makinda wa chaza walirudi Arcachon na maganda yakaanza kuwa ya kawaida. Uingereza ilifuata mwaka 1987. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia TBT kwenye meli ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Hata hivyo, TBT ya zamani hukaa miaka mingi kwenye tope la bandarini.

Wewe ufanye nini?

Rangi nyingi za chini ya boti bado zina shaba, nayo ikizidi hudhuru makinda. Kwa hiyo, usikwangue chombo karibu na mahali akina mama wanapookota chaza na kome maji yakipwa. Tandika turubai chini, kusanya maganda ya rangi, usiyaache yachukuliwe na maji. Ziba pua na mdomo unapokwangua. Na kabla ya kununua rangi, soma maandishi ya kopo. Kama kopo halina maandishi, usinunue.