Rungu la Wastani Ndilo la Kulenga

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo huwasuta wavivu, na shambani ni ya kweli. Lakini mwenye kutaka rungu lake lifike pale alipolikusudia hana budi kuchagua, tena kwa makini.

Msomaji wa pwani huenda akauliza, rungu latuhusu nini sisi? Na akumbuke bakora. Mzee wetu wa Lamu hanunui bakora kwa kuitazama tu. Huishika, akaipima uzito, akaigonga chini, ndipo akatoa fedha. Na mcheza kirumbizi ajua kwamba fimbo isiyoafikiana na mkono wake itamwaibisha mbele za watu. Rungu nalo ni vivyo hivyo.

Tupande basi hadi Mau Narok, upande wa Njoro katika Nakuru, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Huko ni baridi na ukungu, na mashamba ya ngano, shayiri na viazi. Kwa Wamaasai na Wakalenjin wa nyanda hizo, rungu lilikuwa sehemu ya mavazi ya mwanamume, kama kofia ilivyo kwetu. Lililo zuri huchongwa kwa mti mgumu kama oloirien, yaani mzeituni wa mwitu, ndugu yake mzeituni uliotajwa katika Kurani. Kichwa na mpini huwa kipande kimoja.

Si kila rungu ni la kurushwa. Mzee Daniel arap Moi alipozikwa Kabarak, Februari 2020, rungu lake lilikabidhiwa mwanawe Gideon. Hilo ni la heshima. Na yale yaliyopambwa kwa shanga kwa ajili ya watalii ni ya kutundika ukutani.

Ya kurusha tuyagawe mafungu matatu. Lenye kichwa kizito hupiga kwa kishindo, lakini huchosha bega na huanguka karibu. Jepesi hutoka mkononi upesi, kisha upepo ukalipeleka kando na mwendo wake ukafifia. La wastani hufuata mkono.

Utalijuaje? Liweke juu ya kidole mpaka litulie. Pale linapotulia ndipo litakapozungukia likiwa hewani. Nafasi hiyo ikiwa karibu na kichwa, kichwa huenda njia moja na mpini ukazunguka nyuma yake. Tazama ufa, na uone kama nyuzi za mti zimenyooka mpinini. Kisha litupe mara tatu kwenye shabaha moja. Usichague lililokwenda mbali, bali lililoangukia mahali pamoja mara zote tatu. Hewa ya Mau Narok ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo, kwa hiyo hulizuia rungu kidogo zaidi. Lakini upepo wa kilimani hauna huruma kwa lililo jepesi.

Hata Marekani wana mchezo wa kutupa visahani vya plastiki kwenye kikapu cha minyororo, ambao chama chake kiliundwa mwaka 1976. Visahani hivyo navyo ni vya mbali, vya kati na vya karibu, na anayejifunza huonywa asikimbilie vya mbali.

Ama kwa hakika, jambo hili si mchezo mtupu. Zamani morani alijionyesha ushujaa kwa kuua simba. Tangu mwaka 2012, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya, vijana wa Kimaasai hushindana kwa mbio, kuruka, kutupa mkuki na kulenga shabaha kwa rungu, ili simba aachwe hai. David Rudisha, Mmaasai aliyeshinda mbio za mita 800 katika Olimpiki za 2012 na 2016, amekuwa mlezi wa mashindano hayo.

Nasi tusisahau kwamba katika Bonde la Ufa, wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007, marungu yalielekezwa kwa binadamu. Rungu halina akili. Akili ni ya aliyelishika. Mwenye hasira hutafuta lililo zito. Mwenye kulenga hutosheka na la wastani, na kijana akifundishwa tofauti hiyo mapema, shabaha yake itakuwa gogo, wala si kichwa cha jirani.