Ulumbi na Istilahi Zake (3): Nafsi, Kauli na Takriri

Katika makala mbili zilizopita tulieleza ulumbi ni nini, kisha tukatazama hadhira. Leo tunaingia kwenye istilahi tatu ambazo wanafunzi wetu huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuzisahau wanapopanda jukwaani: nafsi, kauli na takriri. Nitazieleza kwa hotuba moja iliyotolewa Sydney, Australia, kwa kuwa sijakutana na nyingine inayozionyesha zote tatu waziwazi kama hiyo.

Ilikuwa tarehe 10 Desemba 1992, katika bustani ya Redfern. Mtaa wa Redfern uko karibu na katikati ya jiji, upande wa kusini, na kwa miaka mingi umekuwa makao na ngome ya kisiasa ya Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi ile. Hapo ndipo walipoanzisha huduma yao ya msaada wa sheria mwaka 1970 na huduma yao ya afya mwaka uliofuata. Waziri Mkuu Paul Keating alikuja kuzindua Mwaka wa Kimataifa wa Watu wa Asili, ambao Umoja wa Mataifa uliupangia 1993. Miezi sita nyuma, katika kesi ya Mabo, mahakama ya juu kabisa ilikuwa imekataa dai kwamba Waingereza waliikuta nchi isiyo na wenyewe.

Waliokusanyika walikwisha kuchoshwa na ahadi za wanasiasa. Kwenye sauti iliyorekodiwa siku ile, mwanzoni zinasikika kelele za watu huku mgeni akisoma. Kisha anafika mahali pa kukiri. Anataja ardhi iliyoporwa, maradhi na pombe, mauaji, watoto walionyakuliwa kwa mama zao, na kila mara anasema: ni sisi tuliotenda. Kelele zinapungua, halafu makofi yanalipuka.

Tuanze na nafsi. Mbele yake walikuwapo waliotendewa, lakini “sisi” yake haikuwahusu hao. Iliwahusu Waaustralia wengine, ambao wengi wao hawakuwa bustanini. Kwa hiyo maneno yaleyale yalikuwa maungamo kwa waliokuwapo na wito kwa wasiokuwapo. Viongozi wetu hupenda “sisi” inayomkumba kila mtu, sisi wananchi, sisi Watanzania, sisi Wakenya, hadi aliyekosa na aliyekosewa wanatiwa kapu moja.

Kauli ndiyo yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu. Keating angeweza kusema kwamba ardhi ilichukuliwa na watoto walitengwa na wazazi wao. Sarufi ingekuwa safi, wala asingesema uongo, ila mtendaji asingeonekana. Sisi nasi tunaijua njia hiyo: makosa yalifanyika, fedha zilitumika vibaya, wakazi walihamishwa. Na nani? Kiambishi kidogo cha kutendwa kinatosha kumficha waziri mzima. Mlumbi anayechagua kauli ya kutenda anajifunga, kwa kuwa kitenzi chake kinamtaja mwenye kosa.

Takriri ni kurudia neno au muundo kwa makusudi. Tunaikumbuka ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978, alipotangaza kumpiga Idi Amin: uwezo, sababu, nia. Kule Redfern sentensi fupifupi zilianza na nafsi ileile, na kila iliyofuata iliongeza shtaka jipya juu ya msemaji na wenzake. Takriri isiyoongeza jambo ni kelele tu.

Wapo wanaodhani ulumbi wa kweli hutoka kichwani papo hapo. Hotuba ya Redfern ilisomwa karatasini, na Don Watson, mwandishi wa hotuba wa Keating, alikuwa na mkono mkubwa katika kuiandika. Haikupungukiwa kitu kwa hilo. Tena haikumaliza deni: sheria ya haki za wenyeji juu ya ardhi yao ilipitishwa 1993, lakini Bunge lilisubiri hadi tarehe 13 Februari 2008 ndipo Waziri Mkuu Kevin Rudd alipowaomba radhi rasmi watoto wale walioporwa.

Wiki ijayo tutaeleza kiimbo na kituo. Kabla ya hapo, ndugu msomaji, chukua hotuba yoyote ya kiongozi iliyochapishwa gazetini, upigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha uandike pembeni jina la mtendaji.