Usagara: viwanja vya kwenye simu na mtego wa advansi

Njiapanda ya Usagara, wilayani Misungwi, ndipo barabara ya Shinyanga inapoachana na ile ya Kigongo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe hapo Kigongo Juni 2025, msafiri wa Sengerema na Geita hasubiri tena kivuko, na viwanja vya upande huu vinatafutiwa wateja kwa simu: picha, bei na namba ya dalali, kwenye tovuti ya Jiji, Facebook na makundi ya WhatsApp.

Dalali wa kweli anafaa; anaokoa muda na nauli. Tapeli anajificha katikati ya madalali hao, na biashara yake yote ni advansi. Kiwanja hana. Ana picha aliyoichukua kwenye tangazo la mtu mwingine na bei ya chini mno. Ukimpigia, atakwambia kuna mteja yuko njiani na hela taslimu, hivyo tuma kidogo akushikie. Ukishatuma, itadaiwa pesa ya fomu, kisha ya mpimaji, mwisho simu haipatikani. Wanaotafuta nyumba za kupanga na magari huliwa kwa mchezo huohuo. Muuzaji naye hutumiwa meseji bandia ya muamala. Asitoe mzigo kabla ya kuangalia salio lake.

Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti na la anayejiita mwenye mali, acha. Hata likifanana, halithibitishi kwamba ardhi ni yake. Hilo linataka miguu: fika kiwanjani, ongea na majirani na mwenyekiti, kisha peleka namba ya kiwanja na kitalu ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kama kina hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Muhuri wa serikali ya kijiji unashuhudia mauzo tu. Si hati miliki.

Kinachoniuma ni ukimya wa walioibiwa. Wanaona aibu, na namba ileile inamnasa mwingine kesho yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini bila mlalamikaji haina pa kuanzia. Ukitapeliwa, usifute meseji. Ipeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), halafu nenda polisi nayo siku hiyohiyo.