Dawa ya Uvimbe Baada ya Upasuaji wa Taya

Wapo vijana ambao taya lao la chini limetangulia mbele, au limerudi nyuma, hata meno hayakutani. Kutafuna huwa taabu, na pengine hata kutamka. Tiba yao ni upasuaji: mfupa hukatwa, ukawekwa mahali pake, kisha ukashikizwa kwa vibamba vidogo na skrubu.

Jamaa zetu wa Kamenu, Thika, wakipelekwa Nairobi kwa tiba kama hii, hurudi nyumbani mwendo wa kilomita 40 hivi. Uvimbe wa uso hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na pengine wakati huo daktari hayupo karibu. Mama humtazama mwanawe asimtambue. Hapo ndipo tunapohitaji elimu.

Ili kupunguza uvimbe huo, madaktari wengi hutoa dawa za jamii ya kotikosteroidi, kama deksamethasoni. Hutiwa mshipani kabla ya upasuaji au wakati wake, na huenda zikaendelea kwa muda mfupi. Dawa hizi huiga homoni itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo. Hupunguza pia kichefuchefu, na hiyo ni faraja kubwa kwa mtu ambaye mataya yake yamefungwa kwa mipira.

Asili yake si ngeni kwetu. Mwaka 1948 kotisoni ilitumiwa Marekani kwa mara ya kwanza kutibu baridi yabisi, na waliohusika walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Baadaye, wataalamu wa Uingereza walitengeneza dawa za jamii hiyo kutokana na maji ya mkonge wa Afrika Mashariki, mmea unaojulikana sana pande za Thika, Kilifi na Tanga.

Hata hivyo, dawa hii ina mpaka wake. Ikitumiwa siku chache kwa amri ya daktari, kwa kawaida haina madhara makubwa. Ila hupandisha sukari mwilini, huondoa usingizi, na ikirefushwa hudhoofisha kinga na kuchelewesha kidonda kupona. Kwa hiyo mzazi asikimbilie duka la dawa kuongeza vidonge kwa kuwa uso haujapungua.

Lipo jambo jingine, nasi tunalisema kwa kina mama bila kuficha. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, na vidonge vinavyouzwa kwa siri ili kunenepesha mwili, huwa na dawa za jamii hii hii. Mwenye kuvitumia kwa muda mrefu huenda tezi zake zimelala, na siku ya upasuaji mwili ukashindwa kujihami. Mwambieni daktari kabla ya siku hiyo, hata kama ni aibu kutamka. Mwambieni pia kuhusu kisukari, presha na vidonda vya tumbo.

Nyumbani, mgonjwa alale kichwa kimeinuliwa, awekewe barafu iliyofungwa kitambaani siku za mwanzo, anywe uji mwepesi na supu iliyochujwa. Uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, au homa ikipanda, au usaha ukitoka, arudishwe hospitali upesi. Akipumua kwa shida, msingoje hata saa moja.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu.