SI KILA HOMA NI MALARIA

Wasomaji wenzetu wa Nansio, tuseme kweli. Mtoto akichemka mwili usiku, sisi wazazi tunasema mara moja: "Hiyo malaria." Asubuhi tunakwenda dukani kununua dawa. Wengine tunaongeza na vidonge vya rangi mbili, eti vya kukata kikohozi. Kumbe mara nyingine mtoto hana malaria hata kidogo.

Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2008 waganga walifanya uchunguzi katika jiji la Dar es Salaam na mji wa Ifakara. Walipima watoto 1,005 wenye homa, wa miezi miwili hadi miaka kumi. Walipima damu. Pia walipangusa ndani ya pua na koo kwa kijiti chenye pamba, wakapeleka maabara kutafuta virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno. Hata hadubini ya zahanati haivioni. Ndiyo maana kuna mashine maalumu za kuvitambua.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Katika kila watoto 10, karibu 7 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wengi waliugua njia ya hewa, na virusi vya flu vilionekana sana. Wenye malaria walikuwa kama mmoja tu katika 10!

Sasa, jamani, msitupe vyandarua. Kwetu kandokando ya Ziwa malaria ni nyingi kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo mtoto akipata homa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, atobolewe kidole, apimwe. Akiwa na malaria, apewe dawa yake na aimalize. Akiwa hana, ya nini kumnywesha? Na vile vidonge vya rangi mbili haviui virusi. Vinaua bakteria, nao ni vijidudu vya aina nyingine. Tukivila ovyo, bakteria huvizoea, na siku tukivihitaji kweli havitusaidii.

Virusi vya flu husafiri na watu. Mtu anakohoa ndani ya kivuko kutoka Mwanza, jirani yake anavuta hewa hiyo, anashuka Nansio na mzigo asioulipia nauli. Korona, iliyogunduliwa nchini kwetu Machi 2020, nayo huenea hivyo hivyo. Tukohoe kwenye kiwiko, tunawe mikono kwa sabuni.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe. Mtoto anywe maji na uji, anyonye sana. Lakini hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima ya saa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 4 akifikisha 40, huenda ni nimonia. Mpeleke kituoni upesi. Vilevile kifua kikibonyea ndani, akikataa kunyonya au akishikwa na degedege. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, usingoje kuhesabu. Nenda naye, hata kama ni usiku.