Mbwa Anaposota, Usicheke

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mkazi wa Kirumba, hapa Mwanza, hashangazwi na shombo. Soko la Mwaloni liko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na dagaa, sato na sangara hupita mbele ya milango yetu kutwa kucha. Ndiyo maana jirani yangu mmoja hakushtuka mbwa wake wa ulinzi alipoanza kunuka samaki. "Huyu kala matumbo ya samaki jalalani," alisema.

Kisha mbwa akaanza kusota uani kwa makalio. Watoto wakacheka, naye mzee akanunua dawa ya minyoo. Siku chache baadaye, mtoto mmoja alimshika mkia, naye mbwa akamng'ata mkono. Majirani wakapiga kelele: "Mzee, mbwa huyo ana kichaa! Auawe!"

Aliyemwokoa ni daktari wa mifugo, ambaye aliinua mkia na kuonyesha uvimbe mwekundu kando ya njia ya haja kubwa. Lilikuwa jipu.

Ndugu msomaji, kila mbwa, dume kwa jike, ana vifuko viwili vidogo vya tezi, kimoja kushoto na kingine kulia, chini kidogo ya pande za njia ya haja kubwa. Ndani yake mna majimaji yenye shombo kali, nayo ndiyo alama ya kila mbwa. Ndiyo sababu mbwa wawili wakikutana hunusana nyuma. Kinyesi kigumu kiasi kinapopita huvikamua vifuko hivyo. Lakini mbwa akiharisha mara kwa mara, au akinenepa kupita kiasi, majimaji hubaki ndani, yakawa mazito, na vijidudu vikaingia. Hapo usaha hutunga, na jipu laweza kupasuka.

Dalili si ngumu kuzitambua: mbwa husota, hujiramba nyuma bila kukoma, hunuka shombo hata baada ya kuogeshwa, na hulia anapokwenda haja. Ni kweli kwamba minyoo, hasa tegu anayeenezwa na viroboto, na upele pia huweza kumfanya asote. Kwa sababu hiyo, mwenye kubahatisha dawa hupoteza fedha na siku, huku mnyama akiteseka.

Mtaalamu huvaa mpira mkononi na kuvikamua vifuko taratibu. Kukiwa na jipu, hulitumbua, huosha kidonda na kutoa dawa za kuua vijidudu na za kutuliza maumivu. Ugonjwa ukirudi kila mara, vifuko vyaweza kuondolewa kwa upasuaji. Mbwa mzee mwenye uvimbe mgumu usiopungua apelekwe mapema, maana huenda ikawa saratani.

Nyumbani usiminye uvimbe wenye maumivu. Usipake mafuta machafu ya gari wala kumpa vidonge vya binadamu vya maumivu, kwani vyaweza kumdhuru vibaya. Unapompeleka kwa daktari, mfunge mdomo kwa kitambaa, ukihakikisha anapumua vizuri, maana hata mbwa mpole akiumia huuma.

Kinga iko jikoni. Changanya ugali na dagaa waliopikwa, boga au mboga za majani zilizochemshwa, bila vitunguu. Usimpe makombo ya mafuta mengi wala miiba ya sangara. Mwache atembee asinenepe, na umtibu kuhara mapema.

Na yule mtoto? Mama yake aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akampeleka hospitali siku hiyo hiyo kupata ushauri wa chanjo. Alifanya vema. Jipu la mbwa halithibitishi kwamba hana kichaa, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu daima huua. Mbwa naye achanjwe tangu umri wa miezi 3, kisha kila mwaka.

Mbwa yule angali analinda ua wa jirani yangu. Siku hizi akisota hata mara moja, watoto wale wale waliocheka ndio wanaokimbia kumwita baba yao. Mnyama anayetulinda usiku hana ulimi wa kutueleza panapomuuma. Ni wajibu wetu kumwangalia mchana.